Kilele cha 1335 kinapozama: joto au elektroni?

Ndugu, umeuliza kwa nini 4-nitrothiofenoli yako (molekuli yenye kundi la nitro, yaani nitrojeni moja na oksijeni mbili) juu ya chembe za fedha, ikimulikwa na leza ya nanomita 532, inapoteza kilele cha 1335 cm⁻¹ katika spektra ya Raman (mwanga uliotawanywa unaoonyesha mitikisiko ya molekuli; hiki ni cha kundi la nitro) huku vingine vikichomoza karibu na 1140, 1390 na 1435. Leza yako haipimi tu, inaendesha mmenyuko. Molekuli mbili zinapoteza oksijeni za nitro na kuungana kwa daraja la nitrojeni mbili, yaani azo.

Mwanga hutikisa elektroni za fedha kwa pamoja. Hiyo ndiyo plasmoni. Ikivunjika, ndani ya femtosekunde chache, huzaa elektroni zenye nishati kubwa. Baadhi hurukia molekuli iliyonata. Nishati ya zilizobaki huishia kuwa joto, na hapo ndipo wengi hukosea: hawatofautishi kazi ya elektroni na ya joto.

Ili kuzitenganisha, pima joto la sampuli kwa uwiano wa anti-Stokes na Stokes (mwanga wa Raman uliopata nishati na uliopoteza nishati), kisha pasha sampuli nyingine gizani hadi joto hilohilo, uone kama mmenyuko unatokea bila mwanga. Badilisha pia nguvu ya leza angalau mara kumi, kwa sababu katika masafa finyu hata mkunjo wa mmenyuko unaoendeshwa na joto, ukichorwa dhidi ya nguvu ya leza, huonekana kama mstari mnyoofu.

Suuza kwa ethanoli mara tatu baada ya kuloweka fedha katika myeyusho wa molekuli, la sivyo molekuli zisizonata zitabakiza kilele cha 1335. Hamia doa jipya kila kipimo. Ukiona vilima vipana karibu na 1350 na 1580, hiyo ni kaboni iliyoungua: punguza nguvu, data hiyo itupe.