Kabla hujaagiza skopu za kuuza Dodoma, kaangalie sinki

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: mtaji unao, umepata wa kukuunganisha na viwanda vya nje, na unataka kuuza skopu (vile vifaa vyenye kamera vinavyoingizwa mwilini kuangalia ndani) za kupimia tumbo, mapafu na kibofu kwa hospitali za Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Unachotaka kujua ni kama uingie na zile za kuosha na kurudia, au hizi za kutumia mara moja na kutupa. Wadau waliotangulia wamekwambia za kutupa ndiko dunia inakoelekea, chukua hizo. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nina miaka 14 kwenye kazi hii na 6 ya mwisho nauza mwenyewe hapahapa Dodoma. Nakuomba usiagize chochote kabla hujaingia kwenye chumba cha kuoshea cha kila hospitali unayotaka kuiuzia.

Nianze na za kurudia, maana ndizo zinazofanya kazi kubwa. Skopu ya tumbo ni mpira wa kama mita moja wenye kamera nchani, na ndani yake kuna njia nyembamba. Ile ya kupitishia koleo la kuchukulia kipande cha nyama cha kupima ina upana wa milimita 2.8 hivi, na brashi inapita. Njia ya hewa na maji ni nyembamba zaidi, brashi haiingii, unategemea kusukuma sabuni na maji tu. Ikitoka kwa mgonjwa inatakiwa ifutwe na kuvutishwa sabuni papo hapo, kabla ute haujakauka. Kisha inapimwa kama inavuja, inaswakiwa kwa sabuni ya vimeng'enya, inasuuzwa, inalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu (wengi hutumia iitwayo OPA, ya asilimia 0.55, dakika 12), inasuuzwa tena, inapitishwa spiriti, inapulizwa hewa, halafu inaning'inizwa wima ikauke. Mimi huwaambia wauguzi wapulize si chini ya dakika 10, kwa sababu unyevu uliobaki ndani ndio shamba la vijidudu. Vikishajijengea utando mle, dawa haivifikii vizuri.

Sasa lete hayo yote Dodoma. Maji yetu, hasa ya visima, unayajua: angalia birika la nyumbani kwako lilivyojaa ukoko mweupe. Ukoko huohuo unajijenga kwenye kitundu kidogo cha nchani kinachorusha maji ya kusafisha kioo cha kamera. Nimeitwa mara nyingi kwa malalamiko kwamba skopu imeharibika, picha ina ukungu, nafika nakuta ni chumvi tu imeziba. Kwa hiyo ukiuza skopu ya kurudia huku bila kichujio cha maji na bila kumwonyesha muuguzi namna ya kuangalia hicho kitundu, umeuza nusu ya kifaa. Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza umeme unaokatika kipulizia hewa kikiwa katikati ya kazi. Haya hayamo kwenye vitabu vya picha utakavyoletewa na mwakilishi wa kiwanda.

Kosa langu kubwa lilitokea hapo. Niliuza skopu ya tumbo iliyokarabatiwa kwa kliniki moja binafsi. Nikafundisha wauguzi wawili mchana mmoja, nikaona inatosha. Mmoja akahama. Aliyebaki akazidiwa na foleni, akaacha kupima uvujaji. Mwezi wa tano maji yakaingia ndani, kamera ikafa. Ikapelekwa nje kutengenezwa, ikakaa huko miezi minne. Katikati ya hiyo miezi alifika mzee kutoka Mpwapwa, chakula hakishuki, amefikia kumeza uji tu. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio, yaani njia ya chakula, nyingi, na dalili kama hiyo haitakiwi kusubiri. Alielekezwa Dar. Familia ikaanza kutafuta nauli na mtu wa kumfikia huko. Nilikuwepo pale mapokezi wanavyohesabu hela. Tangu siku hiyo siuzi skopu ya kurudia bila kurudi kufundisha kila miezi mitatu, na gharama hiyo naiandika wazi kwenye bei. Wapo wanaonikimbia kwa sababu hiyo. Sawa.

Za kutupa nazo zina sababu ya kweli ya kuwepo, si ujanja wa wafanyabiashara tu. Kampuni ya Ambu ya Denmark ilitoa ya kwanza mwaka 2009, ya kuangalia njia ya hewa. Kilichozisukuma sana ni ile ya mirija ya nyongo, ambayo nchani ina kijiwiko cha kuinua vifaa, na nyuma ya hicho kijiwiko hapaosheki kirahisi. Mwaka 2015 hospitali kubwa za Marekani zilipata wagonjwa walioambukizwa bakteria sugu kupitia skopu hizo, na baadhi yao walifariki. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa na chakula ya huko ilitoa matokeo kwamba hadi asilimia 5.4 ya sampuli zilizochukuliwa kwenye skopu zilizokwisha kuoshwa bado zilikuwa na vijidudu vya hatari, ikawashauri wahamie kwenye zenye sehemu za kutupa. Desemba mwaka huohuo kampuni ya Boston Scientific ikaruhusiwa kuuza ya kwanza ya kutupa nzima. Fikiria hilo, mkuu: wana mashine za kuoshea, maji yaliyochujwa na watu waliosomea kuosha tu, na bado walishindwa.

Kwa hiyo nawaelewa waliokushauri. Ila piga hesabu. Nakupa tarakimu za mfano, wewe weka za kwako kutoka kwenye proforma, ile ankara ya bei ya muuzaji. Tuseme skopu ya kurudia ni milioni 60 na itadumu miaka 5, matengenezo milioni 6 kwa mwaka, sabuni na dawa na muda wa kuosha 40,000 kila kipimo. Hospitali inayopima watu 8 kwa wiki inafikisha kama 400 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa miaka mitano. Skopu inakula 30,000 kwa kila mgonjwa, matengenezo 15,000, kuosha 40,000: jumla 85,000. Ya kutupa hata ungeipata kwa 700,000 hospitali hiyo haiwezi kuibeba, na mgonjwa wa Kongwa au Manyoni hawezi kuilipia.

Geuza upande wa pili. Hospitali ya wilaya inayohitaji kuangalia mapafu mara mbili kwa mwezi ina vipimo 120 tu kwa miaka mitano. Kwa tarakimu zilezile, skopu peke yake ni 500,000 kwa mgonjwa, matengenezo 250,000, kuosha 40,000: jumla 790,000. Hapo ya kutupa imeshinda, na bado hatujahesabu mtambo mkubwa wa picha unaohitajiwa na ya kurudia, wakati za kutupa zinatumia kioo kidogo cha kushika mkononi. Mgonjwa wa ICU, wodi ya mahututi, aliyezibwa na makohozi saa nane za usiku, muuguzi mmoja zamu nzima, nani aoshe? Hapo mimi mwenyewe napendekeza ya kutupa bila kusita.

Lakini kuna jambo linalonitia hofu kuliko yote, na sijaona mtu aliyekugusia. Kituo kimoja, sikitaji, niliwauzia boksi moja lenye skopu tano za kutupa. Nilirudi baada ya miezi kadhaa kwa shughuli nyingine, nikaikuta moja imening'inizwa dirishani inakauka. Nikamuuliza sista. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ni ya mwisho. Hela ya kununua nyingine haijatoka, na yule baba alikuwa anakohoa damu. Tungefanyaje?" Sikuwa na jibu. Skopu hiyo haikutengenezwa ilowekwe, haina hata mahali pa kupimia uvujaji, hakuna aliyethibitisha kwamba dawa inafika ndani. Kuirudia ni hatari kuliko ya kurudia iliyooshwa vibaya, kwa sababu kila anayeiona anaamini ni mpya. Na sehemu ya lawama ni yangu. Niliuza boksi moja nikijua hakuna mpango wa la pili.

Hapo ndipo soko la huku linapotofautiana na la Ulaya. Ya kurudia mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya maendeleo au kwa mfadhili, mara moja, na kuna picha za makabidhiano. Ya kutupa inategemea fedha ya matumizi, kila mwezi, na fedha hiyo ina majira yake: Julai mwaka wa fedha unaanza, kwenye robo ya mwisho mifuko iko mitupu. Ukitaka kuuza za kutupa, ingia mkataba wa mwaka mzima, wewe mwenyewe weka akiba stoo hapa Dodoma, na uwe na mtaji wa kusubiri malipo. Kama mtaji wako hauwezi kulala miezi sita, usiingie. Angalia na tarehe za kuisha muda, maana zinakuja zimetakaswa kwenye pakiti na zina ukomo.

Upande wa sheria nitapita haraka. Lazima kifaa kiwe kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na uwe na kibali cha kuingiza, usikubali vya kubebwa kwenye begi. Tenda za serikali ziko NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, jisajili mapema. Na uliza hospitali kichomea taka chao kikoje, kwa sababu kila skopu ya kutupa ni plastiki pamoja na kamera na nyaya, na shimo la nyuma ya wodi halifai.

Kwako, kwa mtaji uliouelezea, ningeanza na za kurudia za tumbo kwa hospitali mbili tatu zenye wagonjwa wa kutosha hapa mjini, pamoja na huduma: kichujio, mafunzo, vipuri, na skopu moja ya akiba ya kuwaazima yao ikiwa matengenezo. Hiyo ya akiba ingemwokoa yule mzee wa Mpwapwa safari. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024, fundi wa Dar anakuja asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo tena. Za mapafu za kutupa ziongeze baadaye, kwa ICU tu.

Niandikie hapa hospitali unazozilenga ziko wilaya gani, wanapima wangapi kwa wiki, na nani anaosha. Hilo la tatu uliza jina lake, na uliza akiwa likizo nani anashika.