Boksi la nyaraka: tazama kitako kwanza

SWALI: Ninatunza maktaba ya shule hapa Tanga. Tuna madaftari ya mahudhurio na barua za tangu miaka ya 1950, vyote vimo kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi. Kila tukiliinua moja, kitako kinaachia. Ninunue maboksi ya kadibodi nene zaidi, au makontena ya plastiki yenye mfuniko?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuilaumu kadibodi, pima mzigo. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5. Boksi la rimu tano basi linabeba kilo 12.5, nalo lilitengenezwa kwa safari ya kiwandani hadi dukani, si kushushwa na kupandishwa rafuni miaka nenda rudi. Kuongeza unene hakusaidii sana. Punguza ukubwa: mgongo (upande unaotazama nje likiwa rafuni) wa sentimita 12 hivi, likijaa halizidi sana kilo 6.

Kitako kiwe cha tabaka mbili, kimekunjwa na kuchomekwa, kisishikwe kwa pini za chuma. Kwa upepo wa bahari wa hapo kwenu pini hushika kutu, na kutu hiyo huhamia kwenye karatasi. Mimi dukani hulijaza rimu boksi la mfano, nikaliinua na kulitikisa. Muuzaji huniona nimerukwa na akili, lakini maboksi mabovu hujulikana papo hapo.

Kadibodi ya kawaida ya kahawia ina asidi na lignini (kijenzi cha asili cha mti), ndiyo maana barua zilizoigusa zinageuka manjano na kukatika zikikunjwa. Ulizia isiyo na asidi, yenye kalsiamu kaboneti (alkali inayozima asidi), iliyofuata ISO 16245, kiwango cha kimataifa cha maboksi ya nyaraka. Bei yake inauma. Fedha zisipotosha, nunua kwanza ya barua. Madaftari yenye majalada magumu yanaweza kungoja. Ramani za buluu, yaani michoro ya majengo yenye mistari myeupe juu ya buluu, zisiingie humo, alkali hufifisha rangi yake. Zitafutie karatasi isiyo na asidi wala alkali.

Plastiki ya polipropilini yenyewe haina ubaya. Tatizo ni mfuniko unaobana. Ukifunga karatasi zenye unyevu wa masika, unyevu huo haupati pa kutokea, na unyevu wa hewa ya ndani ukipita asilimia 65 ukungu unaanza kuota. Kadibodi hupumua. Kontena ningelikubali iwapo paa linavuja, tena kwa siku chache tu, hadi fundi amalize kazi.