Barua kwa Mwanangu Kuhusu Dhambi Isiyosameheka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa utulivu. Unaniuliza mambo mawili: kwanza, kama maneno ya kufuru yaliyokuwa yakikujia moyoni wakati wa uchungu wa msiba, ambayo hukuyataka wala hukuyapenda, yamekuingiza katika ile dhambi ambayo Bwana Yesu alisema haina msamaha; na pili, kama bado unaruhusiwa kumwombea rafiki yako aliyeiacha imani. Nitakujibu yote mawili, lakini nakuomba kwanza tuyasome maneno yenyewe mahali yalipoandikwa, kwa kuwa hofu nyingi juu ya jambo hili huwapata watu waliosikia mstari mmoja bila kusikia habari inayoutangulia.

Habari hiyo iko katika Mathayo 12 na Marko 3. Mathayo anasema kwamba aliletwa mtu mwenye pepo, kipofu tena bubu, na Yesu akamponya mbele ya watu wote. Mafarisayo, na kwa Marko waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu, hawakukana kwamba mtu yule amepona. Walisema kwamba aliyemponya anatoa pepo kwa uwezo wa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Ndipo Bwana akatamka kwamba wanadamu watasamehewa kila dhambi na kila kufuru, isipokuwa kumkufuru Roho Mtakatifu. Hata neno lililonenwa juu ya Mwana wa Adamu lina msamaha. Marko anaongeza sababu ya onyo hilo, nayo ndiyo ufunguo wa habari yote: alisema hivyo kwa vile walivyosema, "Ana pepo mchafu."

Tazama basi ni watu gani walioambiwa maneno hayo. Hawakuwa watu walioteleza ulimi, wala wenye mashaka, wala waliolia usiku wakiuliza kama Mungu bado anawapokea. Walikuwa walimu waliojua Maandiko, walioiona kazi ya Mungu kwa macho yao, kisha kwa makusudi, ili wasilazimike kumwamini aliyeitenda, wakaiita kazi ya shetani. Mtu akifika hapo na kukaa hapo, msamaha unamkosa kwa sababu amemkataa yule yule Roho anayemshawishi mtu kuhusu dhambi na kumleta kwenye toba. Ni kama mgonjwa anayeitupa dawa pekee ya ugonjwa wake huku akiapa kwamba ni sumu. Hata hivyo, Marko anasema kwamba Yesu aliwaita watu hao, akazungumza nao kwa mifano. Aliwaonya, na mimi ninaamini kwamba aliwaonya kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi kwao. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuambia baadaye kwamba jamii kubwa ya makuhani waliitii imani, na kwamba miongoni mwa walioamini walikuwamo watu wa madhehebu ya Mafarisayo.

Kanisa limeutafakari mstari huu tangu zamani, na si mwepesi hata kwa wenye elimu kubwa. Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliuhesabu miongoni mwa maswali magumu kuliko yote katika Maandiko, na jibu lake lilikuwa kwamba kufuru hiyo ni moyo usiotubu mpaka kufa. Yohana Krisostomo, askofu na mhubiri wa kale, alikumbusha kwamba hata waliomkufuru Roho walisamehewa walipotubu. Toma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliandika juu ya namna sita za kumkosea Roho Mtakatifu, na mojawapo ni kukata tamaa ya huruma ya Mungu, jambo ambalo ningependa ulifikirie kwa makini, kwa kuwa ndilo linalokunyemelea sasa. Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba kufuru hiyo hasa si kumkosea Roho kwa maneno, bali ni kuukataa wokovu ambao Mungu anamtolea mwanadamu kwa njia ya Roho huyo. Waanglikana nao, katika ile Ibara ya 16 kati ya Ibara zao 39 za imani, wanakiri kwamba si kila dhambi ya mauti inayotendwa kwa kusudi baada ya ubatizo ni dhambi juu ya Roho Mtakatifu isiyosameheka. Madhehebu haya hayakubaliani katika mengi, lakini hapa yanasimama karibu sana.

Umeandika kwamba mtu mmoja alikufariji akisema, "Kama unaogopa, basi hujaitenda." Neno hilo ni la kweli, kwa maana moyo uliokufa kabisa hauhuzunikii kumpoteza Mungu. Lakini sitaki uyajenge matumaini yako juu yake. Ukifanya hivyo, siku ambayo hofu itapungua utaanza kuogopa kwamba huogopi tena, na mateso yatarudi kwa mlango mwingine. Jenga juu ya ahadi ya Bwana mwenyewe katika Yohana 6:37, kwamba yeyote ajaye kwake hatamtupa nje kamwe. Ahadi hiyo haikuweka kiwango cha majuto ambacho mtu lazima akifikie kwanza, inamtaka aje.

Kuhusu mawazo yenyewe, tofautisha kati ya wazo linalokuvamia na neno unalolikubali. John Bunyan, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 17, aliteswa kwa muda mrefu na wazo la kumuuza Kristo, wazo lililomjia asipolitaka, mpaka akaamini kwamba amejifungia nje ya rehema. Baadaye alipata amani, akahubiri, na kwa ajili ya kuhubiri alifungwa gerezani takriban miaka 12. Kama mawazo haya yanakurudia kila siku, yanakunyima usingizi na kukulazimisha kurudia sala ile ile ukidhani hukuisema vizuri, mweleze mchungaji wako, kisha umwone pia daktari. Yapo maradhi ya wasiwasi yanayomletea mtu mawazo yale yale anayoyachukia kuliko yote, na kuyatibu si upungufu wa imani.

Tena usikubali mtu autumie mstari huu kukufunga mdomo. Wapo wanaodai kwamba anayehoji unabii au uponyaji wao amemkufuru Roho. Didake, maandiko ya Kikristo ya kale sana, yaliwakataza waamini kumjaribu nabii anenaye katika Roho, lakini papo hapo yakaongeza kwamba si kila asemaye hivyo ni nabii, ila yule mwenye mwenendo wa Bwana. Mtume Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, anatuagiza tuzijaribu roho. Kuuliza kwa nia ya kuijua kweli ni utii, wala hakufanani hata kidogo na walichokifanya wale waandishi.

Sasa rafiki yako. Najua umesoma Waebrania 6, pasemapo kwamba walioanguka baada ya kutiwa nuru haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Ni onyo zito na sitalipunguza. Lakini baada ya Kaisari Desio wa Roma kuwatesa Wakristo mwaka 250, Wakristo wengi waliokuwa wameikana imani kwa kutoa sadaka kwa miungu walitaka kurudi, na wafuasi wa Novasiano, kasisi wa Roma aliyejitenga, wakakataa wasipokewe, wakiyategemea maneno hayo hayo. Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake waliwapokea waliotubu, na Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 ukawataka Wanovasiano waliorejea Kanisani washirikiane na watu hao. Petro mwenyewe alimkana Bwana mara 3, na kondoo wa Bwana wakawekwa mikononi mwake. Mtume Yohana anapoitaja dhambi iletayo mauti katika waraka wake wa kwanza hasemi kwamba tumeonyeshwa ni nani aliyeitenda, na hakuna anayeweza kuujua mwisho wa moyo wa mtu ambaye bado anaishi.

Kwa hiyo mwombee kwa jina lake kila siku, na usikatize mazungumzo naye hata kama hataki kusikia habari za kanisa. Nami nimeanza kumwombea tangu nilipoipokea barua yako. Ukipenda, niandikie ni jambo gani lililomfanya aondoke, ili nijue la kumwombea.

Ni mimi mama yako.