Chawa wa kondoo: kasoro huwa ni yule mmoja aliyekosa dawa

Kondoo akijikwaruza kwenye nguzo za zizi na sufu ikamning'inia nyuzinyuzi ubavuni, usikimbilie dawa kwanza. Mshike, msimamishe juani, uipasue sufu kwa viganja viwili mpaka ngozi ionekane. Anzia begani, kisha ubavuni. Tazama upesi, maana chawa hukimbia mwanga: ni mdogo, hafikii milimita 2, mweupe uliofifia kama majani makavu, kichwa cha kahawia. Pasua sehemu 10 kila upande, kwa kondoo 10 hivi, ukitanguliza waliochakaa sufu. Ukikuta magamba mazito yenye majimaji, huo ni upele, na dawa yake ni nyingine.

Chawa huyu hanyonyi damu, anatafuna magamba na mafuta ya ngozi. Ndiyo maana sindano ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu inayopita kwenye damu, kipenzi cha wengi, haimmalizi.

Chawa huenea kwa miili ya kondoo kugusana. Uzio na majani husingiziwa bure. Chawa aliyeanguka hana maisha marefu wala hazaliani chini. Mwanakondoo humpata kwa mama yake akinyonya. Huko Nyandarua na Molo, nyanda za juu za Kenya, baridi ya Juni hadi Agosti huwakuta kondoo wana sufu ndefu na wanalala wakibanana, chawa wakaongezeka.

Nyoa kwanza. Mkasi huondoa chawa wengi, lakini mayai hubaki yamegandama karibu na ngozi. Vidonda vya mkasi vikipona, baada ya wiki mbili hivi, ogesha kundi zima siku moja, kwa kipimo cha kwenye lebo. Kwa pampu ya mgongoni, usiache mpaka maji ya dawa yafike ngozini, hata tumboni na chini ya mkia. Kulowesha sufu juujuu ni kumwaga pesa. Rudia siku ya 14: mayai huanguliwa karibu siku ya 10, na vitoto huhitaji takriban wiki tatu zaidi kabla ya kutaga. Ukirudia mwezi ukiisha, umewapa nafasi.

Wanaosahaulika ni wanakondoo, mgonjwa aliyefungwa pembeni, na aliyepotelea kwa jirani. Mmoja tu akikosa dawa, kundi zima litaambukizwa upya. Dume la kununua liogeshe siku linapofika, likae peke yake wiki tatu, likaguliwe tena ndipo lichanganywe. Jirani mnayechunga pamoja naye aogeshe siku hiyo hiyo.

Maji ya dawa yaliyobaki yasiende mtoni. Dawa za kuogeshea za jamii ya deltamethrini huua samaki kwa kiasi kidogo sana.