Kamanda anasema alimwoa: je, sheria inamtambua kama mke?

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa Bunia: Binti wa dada yangu alichukuliwa na watu wa msituni akiwa na miaka 16. Amerudi na mtoto mgongoni. Aliyemshikilia huko aliwahi kumtumia mjomba wake mbuzi na pesa, na sasa majirani wanasema ni mke wa mtu. Tena alibeba bunduki, kwa hiyo tunaogopa tukishtaki atafungwa yeye. Karatasi ya daktari hatuna. Je, kuna kesi hapo?

Jibu: Ipo, Mama. Nianze na hao mbuzi, maana naona ndio waliowatisha zaidi.

Ndoa nchini Kongo inahitaji ridhaa ya wanaooana wenyewe, na tangu Kanuni ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016 umri ni miaka 18 kwa wote wawili. Mjomba hana uwezo wa kuridhia badala ya binti. Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui: kifungu cha ndoa ya kulazimishwa katika sheria ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono kinamlenga hasa mzazi au mlezi aliyemtoa mtu aolewe. Mwambieni mjomba asipokee kitu kingine chochote, na aseme ukweli mapema kuhusu alichopokea na alikuwa katika vitisho gani. Huyo kamanda yeye anakabiliwa na kosa la utumwa wa kingono, lililo katika sheria hiyohiyo.

Utetezi wa «nilimwoa» si mpya. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, kundi la waasi kutoka Uganda, alikuwa na wanawake waliotekwa wakiwa wasichana na kugawiwa kama wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani Februari 2021, na rufaa yake ikashindwa Desemba 2022. Majaji waliiangalia ndoa ya kulazimishwa kama kosa linalosimama peke yake: mtu analazimishwa kuwa mke, kupika, kufua, kuzaa, kisha anarudi nyumbani na jina la «mke wa mwasi» ambalo halimtoki. Maneno ya majirani zenu ni sehemu ya madhara yenyewe. Wakili wenu ayaandike.

Kuhusu bunduki, jibu lilitoka Ituri kwenu. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa waasi huko Ituri, mawakili wake walidai kwamba wasichana waliokuwa ndani ya jeshi lake hawawezi kuwa wahanga wa uhalifu wa kivita uliofanywa na jeshi hilohilo. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ya ICC ilikataa hoja hiyo: kuvaa sare ya kundi hakumwondolei mtu ulinzi dhidi ya ubakaji na utumwa wa kingono. Na sheria ya Kongo ya 2009 ya kulinda mtoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kumwingiza mtoto katika kundi la silaha ni kosa la aliyemwingiza. Jambo moja tu ningependa kulijua kabla ya kushtaki: je, alibaki huko baada ya kutimiza 18, na aliamriwa kufanya nini? Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, lakini alihukumiwa kwa aliyoyatenda akiwa kamanda mtu mzima. Binti yenu sidhani yuko karibu na hali hiyo, ila wakili asikutane na habari hizo kwa mara ya kwanza mahakamani.

Karatasi ya daktari isiwazuie. Kwa sheria ya 2006, mwendesha mashtaka au jaji ndiye anayepaswa kumwita daktari na mwanasaikolojia, bila kusubiri familia iombe. Wala kunyamaza au kutopigana hakuhesabiwi kuwa ridhaa. Hata hivyo mpelekeni hospitali sasa, kwa ajili ya afya yake: dawa za kuzuia VVU zinataka zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio na muda huo umepita, lakini vipimo na matibabu mengine bado yana maana.

Malalamiko yapelekeni kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, kwa kuwa wanamgambo huhukumiwa huko. Kabla ya hapo, binti asimulie mara moja tu, kwa mtu aliyefunzwa kusikiliza. Wahanga wanaohojiwa na kila ofisi hutofautiana na maneno yao wenyewe, na upande wa utetezi hula hapo. Tarehe asizozikumbuka azieleze kwa misimu ya kupanda na kuvuna. Majina ya utani ya makamanda ni ya thamani kuliko anavyodhani.

Mtoto naye aandikishwe. Muda wa kutangaza uzazi ni siku 90. Ukipita, mnaomba hukumu ya mahakama ya kuthibitisha kuzaliwa kwake. Mama akiwa Mkongo, mtoto ni Mkongo, na jina la kamanda halihitajiki popote.