Kabla Hujahamia Thika, Piga Hesabu ya Nauli

Wiki jana binamu yangu alinipigia simu kwa furaha. Amepata kazi Nairobi, upande wa Upper Hill, na rafiki yake amemwonyesha nyumba Thika, mji wa viwanda kaskazini-mashariki ya Nairobi, ambayo kodi yake ni karibu nusu ya ile anayoitishwa Kasarani. "Si ni hapo tu? Kwa Superhighway, barabara kuu ya Thika, ni dakika arobaini." Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza: dakika arobaini saa ngapi?

Kwa sababu hata mimi nilidanganyika hivyo hivyo. Mwaka 2016 nilikuwa na kazi ya ofisini katikati ya Nairobi, nikahamia Thika kufuata kodi. Bedsita, yaani chumba kimoja, ya mtaa wa Section 9 nililipa 5,500, na kule Roysambu nilikotoka nilikuwa nikilipa 9,000. Nikajiona mjanja. Mwisho wa mwezi nikaketi na kalamu: nauli ya asubuhi mia moja, ya jioni mia na hamsini, mara siku ishirini na sita. Hiyo ni 6,500, na akiba yangu kwenye kodi ilikuwa 3,500. Na sijahesabu siku za mvua, ambapo makanga huangalia mawingu kabla ya kutaja bei. Nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri, nikirudi saa tatu usiku, na majirani wa ploti walinijua kwa sauti ya kufuli tu.

Barabara yenyewe sina ubaya nayo. Ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, kama kilomita hamsini, na usiku au Jumapili asubuhi matatu ya 237, namba ya njia ya Thika, itakushusha mjini kabla hujamaliza kusikiliza redio. Shida ni kwamba magari ya Thika, Juja, Ruiru, Githurai na Kasarani yote yanashuka pamoja kuelekea mlango mmoja, na mlango huo ni Pangani. Kutoka Thika hadi Ruiru unateleza. Ukifika Githurai mwendo unapungua, na kutoka Muthaiga unaweza kusoma mabango yote ya pande zote mbili. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa nahesabu saa mbili, na sikuwa nakosea sana.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: hamia Thika ikiwa riziki yako iko Thika, au angalau Juja na Ruiru. Nami niliyarekebisha mambo yangu hivyo. Mwaka uliofuata niliacha kazi ya Nairobi, nikaingia kiwanda cha vifungashio hapa hapa, na ndipo nikaanza kuujua mji niliokuwa nikilala tu.

Watu wengi wa Nairobi hudhani Thika ni mtaa wao wa mwisho. Si kweli. Reli ilifika hapa 1913, na kwa muda mrefu mji huu umeitwa Birmingham ya Kenya, kwa jina la mji wa viwanda wa Uingereza. Del Monte wanasindika mananasi yao hapa. Ukipita hoteli ya Blue Post kuelekea Kabati utaona mashamba yenyewe, mistari ya kijani inayokwenda hadi macho yachoke. Bidco walileta kiwanda chao cha mafuta ya kupikia 1991. Pale Kenya Vehicle Manufacturers huunganishwa magari, na mwishoni mwa 2016 Volkswagen walirudi kuunganisha Polo Vivo hapo. Viwanda vya nguo ndivyo vilivyoumia zaidi, soko lilipofunguliwa miaka ya tisini na mitumba ikajaa kila kona. Thika Cloth Mills bado wanafuma, lakini wazee wa mtaa wa Makongeni watakuhesabia kwa vidole vile vilivyofungwa.

Sasa, kama unakuja kutafuta kazi ya kiwandani, nisikilize vizuri hapa.

Kazi ya kibarua huanzia langoni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, utakuta watu wamesimama kando ya ukuta, wengine wamefunga leso juu ya sweta, wengine wana gamubuti ndani ya mfuko wa plastiki. Kuna mama huuza chai ya maziwa na mandazi kutoka ndoo, na kuliko mtu yeyote wa ofisini, yeye ndiye anayejua kiwanda gani kimepata oda kubwa. Ukitaka habari, nunua chai kwake. Supavaiza hutoka, anaangalia, anaonyesha kidole: wewe, wewe, yule wa kofia. Siku nyingine anachukua thelathini, siku nyingine watatu. Wasioitwa hawaondoki mara moja. Husubiri hadi saa mbili, maana kuna aliyechelewa au aliyeumwa ambaye nafasi yake itajazwa.

Hapo langoni ndipo nilipopoteza elfu tatu. Kijana mmoja nadhifu, ana beji shingoni, aliniambia ataniingiza kwenye orodha ya kandarasi. Alinipa hata namba ya foleni. Nilipoingia ndani wiki mbili baadaye kwa njia ya kawaida, nikauliza habari zake, walinzi walicheka. Beji ilikuwa ya kampuni iliyofungwa zamani. Usimlipe mtu yeyote langoni, hata akiwa na beji, hata akijua jina la baba yako. Beba kitambulisho, PIN ya KRA (ya ushuru), namba za NSSF (ya pensheni) na SHA (ya bima ya afya), na kama ni kiwanda cha chakula, cheti cha afya. Na ukipata siku ya kwanza, fika mapema kuliko ulivyofika ukiitafuta. Supavaiza husahau majina, lakini sura hasahau.

Kuhusu mahali pa kukaa sitakuchosha. Makongeni ni rahisi na haina upweke, ila kelele hailali, na jirani akikaanga samaki mnakula harufu wote. Ngoingwa, ng'ambo ya barabara kuu, ni ya watu wenye geti na mbwa. Section 9 iko karibu na mji na imejaa maghorofa na wanafunzi, maana Mount Kenya University iko papo hapo barabara ya General Kago. Wakati wa kufungua shule vyumba hupotea na dipoziti hupanda, kwa hivyo tafuta nyumba wakati wanafunzi wamekwenda nyumbani. Kabla hujalipa, pita usiku uone taa za ngazi, na ufungue bomba mwenyewe. Mboga nunua soko la Madaraka, si dukani.

Halafu kuna jambo la maji ambalo hunichekesha. Nairobi inakunywa mto Thika. Bwawa la Ndakaini, kule juu Murang'a, limeuzuia mto huo na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Jiji likishamaliza kuyatumia, yanashuka na mto Nairobi hadi mto Athi, na ukienda Fourteen Falls kwa barabara ya Garissa utayakuta yakianguka na povu jeupe ambalo si la sabuni ya mtu mmoja. Wageni hupiga picha. Mimi nikitaka maporomoko naenda Blue Post, hoteli iliyokaa kati ya mto Chania na mto Thika tangu 1908, naagiza chai moja na kuikalia saa mbili, kushoto maji, kulia maji.

Binamu yangu bado anasema nazidisha. Sijabishana naye. Nimemwambia aje Jumapili alale kwangu, Jumatatu aamke saa kumi na nusu, apande 237 kama mtu anayeenda kazini, ashuke mjini atembee hadi Upper Hill, na jioni arudi saa ambayo kila mtu anarudi. Akifika nitakuwa nimemwekea ugali. Ya kodi tutayaongea akishakula, kama bado ana nguvu.