Fokasi ya kinyago cheusi: acha kuamini kioo cha nyuma ya kamera

"Mwanangu, hizi picha ulipiga saa za kuku kuingia bandani?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja fundi wa vinyago hapa Mtwara. Kuku jioni haoni, na mzee alikuwa ananiambia kwa adabu kwamba nami sioni. Alikuwa ameniletea kazi zake 32 za mpingo nizipige picha, mnunuzi wake wa Dar es Salaam aziweke kwenye katalogi. Nilizipiga siku mbili, nikazikagua moja moja kwenye kioo cha nyuma ya kamera, zote safi. Zilipokuzwa kule Dar, ncha za pua zilikuwa kali kama wembe na macho yote yamefunikwa ukungu. Nikairudia kazi nzima bila malipo. Ninayoandika hapa nilijifunza kwenye marudio hayo, kwa hiyo yamenigharimu.

Kwanza kioo cha nyuma. Kamera yangu ni Canon 700D niliyoinunua ikiwa imetumika. Picha yake ina nukta milioni 18, lakini kile kioo kina nukta 720 kwa 480 tu, yaani chini ya laki tatu na nusu. Piga hesabu: nukta zaidi ya hamsini za picha yako zinabanwa ziwe moja. Ukibanwa hivyo hata ukungu unapendeza. Unaweza kuikuza picha palepale kwenye kamera, ndiyo, ila jaribu kufanya hivyo umeinama, jua la Shangani, mtaa wa hapa Mtwara, linapiga kioo, na jasho linaingia machoni.

Pili, mpingo wenyewe. Fokasi ya oto, yaani kamera kujiwekea ukali wa picha yenyewe, hutafuta mahali ambapo weusi na weupe vinapakana. Kinyago kilichopigwa msasa kikang'arishwa hakina mpaka huo isipokuwa pale mwanga wa dirisha unapogonga, na mara nyingi unagonga pua. Basi kamera inalia "pi-pi" kwa furaha, imeshika pua, na wewe unafyatua. Kuchungulia kwenye kitundu cha kamera na kuzungusha lenzi kwa mkono hakukunisaidia sana pia. Kile unachokiona mle kinapita kwenye kioo cha ndani na kigae chake, si kwenye sensa, kile kipande kinachonasa mwanga na kuwa picha, na njia hizo mbili zikiachana hata kidogo umekwisha.

Dawa ilikuwa laptopu. Nayo si ya maana, ni kuukuu yenye skrini ya 1366 kwa 768. Unaiunganisha na kamera kwa waya wa USB (usizidishe mita 5, ukizidi mawasiliano yanaanza kukatika), unafungua programu, na kile sensa inachokiona unakiona wewe papo hapo. Wenye Canon tunatumia EOS Utility, haina malipo. Sony wana Imaging Edge. Mwenye Nikon na Windows ajaribu digiCamControl, nayo ni ya bure, na wa Linux wanayo Entangle.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea wiki nzima. Wanafungua ile picha ya moja kwa moja ikajaa skrini, wanaona kubwa, wanaridhika. Ukubwa huo ni wa uongo. Kamera inatuma kwenye kompyuta picha ndogo iliyopunguzwa, na kuitanua hakukuongezei kitu. Lazima ubonyeze kukuza, mara 5 halafu mara 10, uweke kile kisanduku juu ya jicho la kinyago. Hapo ndipo unaanza kuona alama za patasi.

Jambo lingine litakalokuchanganya: ili usogeze fokasi kutoka kwenye kompyuta, swichi ya lenzi unaiacha upande wa AF (fokasi ya oto), si MF (fokasi ya mkono). Inasikika kama kichekesho, lakini mota ya lenzi ndiyo inayofanya kazi, na ukiizima, vitufe vya programu havisogezi chochote. EOS Utility ina mishale ya hatua tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mimi naanza na ya kati mpaka jicho lianze kuonekana, kisha ndogo. Usisimame pale unapoona "imekaa". Pitiliza mpaka ianze kufifia tena, ndipo urudi, maana bila kuona pande zote mbili hujui kilele kiko wapi. Na malizia ukitokea upande uleule kila mara, kwa sababu gia za lenzi zina mchezo kidogo. Kitufe cha kufyatua nimekiondolea kazi ya fokasi kwenye menyu, kisije kikaamsha oto na kuharibu yote.

Wenye lenzi za zamani kama Helios 44-2 mnazofunga kwa adapta, mishale hiyo haiwahusu. Zungusheni kwa mkono huku macho yako kwenye laptopu. Ni polepole ila inakubali.

Kama weusi ni mwingi hata ukikuza huoni kitu, kata kipande cha gazeti chenye herufi ndogo, kibandike usawa wa jicho, fokasi kwenye herufi, kisha kiondoe taratibu. Au washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa kinyago. Vumbi litang'aa, nawe fokasi kwenye vumbi. Halafu ulipanguse, tafadhali. Siku moja nilisahau.

Ukikuza mara 10 utagundua pia kwamba nyumba yako inatikisika. Sikuwa najua. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanapita barabarani na picha inacheza kama maji kwenye ndoo. Niliwahi kupigia kazi Mikindani, kwenye ghorofa ya nyumba ya zamani yenye sakafu ya boriti, na mtoto akitembea chumba cha pili mimi naona kwenye laptopu. Nikashusha kila kitu chini. Tripodi iwe sakafuni penye saruji, kamera isiguswe, ufyatue kwa kompyuta, na usubiri lori lipite.

Halafu kina, yaani sehemu ya mbele hadi nyuma inayotoka kali. Uso wa kinyago unaojaza fremu yenye upana wa sentimita 9 hivi, kwa sensa kama yangu na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba ikikua tundu linapungua), unapata kama milimita 6 tu zilizo wazi. Kutoka pua hadi sikio ni zaidi ya hapo mara nyingi. Ukibana mpaka f/22 kina kinaongezeka lakini ukali unapungua picha nzima, mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Mimi nabaki f/8, napiga picha nane au kumi nikisogeza mshale hatua chache kila mara, kisha naziunganisha ziwe picha moja kwa programu ya Enfuse. Mwenye fedha anunue Helicon Focus, ni rahisi zaidi.

Macho yakichoka, angalia ukubwa wa mafaili. Kitu kilekile, mwanga uleule, mpangilio uleule: JPEG iliyo kali zaidi huwa nzito zaidi, kwa sababu ina mengi ya kuhifadhi. Hii imeniamulia mara kadhaa nilipokuwa nabishana na macho yangu saa nne usiku.

Betri inakwisha upesi mno ukifanya kazi hivi, weka ya pili chaji. Kamera nayo inapata joto, ipumzishe.

Siku ya marudio nilimwita mzee akae pembeni yangu. Nikakuza jicho la kinyago chake mara 10. Akasogea karibu na skrini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapo chini ya kope, ni nini hicho?"

"Mkwaruzo, Mzee."

Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono akakitoa kinyago mezani, nilikuwa nimetumia nusu saa kukiweka sawa.

"Nipe nikakipige msasa."

Alirudi nacho siku ya tatu.